Koo ni moja tu: kwa wadogo zangu mnaoingia jukwaani na studio

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kuigiza na kuimba jukwaani, na mnataka kuchanganya na kazi za sauti za studio, yaani katuni, matangazo, vitabu vya kusikiliza, michezo ya kompyuta, naandika haya kwa sababu nilipoanza hakuna aliyeniambia jambo hili mapema. Kazi ni mbili ila koo ni moja. Mwenye studio hajui jana usiku umeimba nini, na mwongozaji wa jukwaani hajui asubuhi umepiga mayowe ya askari anayekufa. Anayejua ni wewe peke yako, kwa hiyo hesabu ya sauti yako unaishika wewe.

Mwaka wangu wa tatu nilikubali kurekodi mchezo wa kompyuta asubuhi, masaa manne mfululizo, nakufa kwa moto, nakufa kwa kudondoka, napigwa ngumi ya tumbo, kila kifo mara tano mara sita, na jioni nina shoo. Wimbo wa kwanza ulipita. Wa pili, pale kwenye noti ya juu, ilitoka hewa tupu. Mwigizaji wa akiba akavaa nafasi yangu baada ya mapumziko na mimi nikakaa nyuma ya pazia nasikiliza mtu mwingine anaimba mistari yangu. Daktari wa masikio, pua na koo alinionyesha kwenye skrini nyuzi za sauti zimevimba na kuwa nyekundu, nikakaa wiki tatu siongei, naandika kwenye daftari hata kuomba chai.

Sasa hivi kabla sijakubali kazi ya mayowe nauliza maswali matatu: kelele ziko ngapi, zinachukua muda gani, na je zinaweza kuwekwa mwisho. Hilo la mwisho ndo muhimu kuliko yote, kwa sababu ukianza na mayowe, mistari ya kuongea itakayofuata itatoka na mkwaruzo na wataomba urudie, sasa unarudia kwa koo lililochoka. Waongozaji wazuri wanalijua na wanakubali bila shida. Na usione aibu kuuliza, waigizaji wa michezo ya video Marekani waligoma kuanzia Oktoba 2016 na mojawapo ya mambo waliyodai ni kupunguziwa muda wa vipindi vinavyoumiza sauti. Julie Andrews naye, mwimbaji na mwigizaji maarufu wa Uingereza, pamoja na sauti ile, alifanyiwa upasuaji wa koo mwaka 1997 na sauti yake ya kuimba haikurudi kama ilivyokuwa. Ukisikia mkwaruzo umezidi wiki mbili nenda kwa daktari, usisubiri msimu uishe.

Kuhusu maji, wengi wanakosea. Maji unayomeza hayapiti juu ya nyuzi za sauti, yanaenda tumboni, yakiingia njia ya hewa utapaliwa. Kinacholainisha nyuzi ni mwili wenyewe ukiwa na maji ya kutosha na hilo linachukua muda, kwa hiyo glasi unayogugumia dakika tano kabla ya pazia kufunguka inasaidia mdomo tu. Kunywa tangu asubuhi. Mvuke ndio unafika pale moja kwa moja, vuta taratibu dakika chache, sio wa kuunguza. Na sauti ikipotea usinong'one, ule unong'onaji wa kulazimisha unaweza kukaza koo kama kuongea au zaidi, nyamaza kabisa.

Kupasha sauti tafuteni mrija wa kunywea, uzamishe kidogo kwenye glasi ya maji, uvume ndani yake noti za chini kupanda juu na kushuka, mapovu yatoke sawasawa. Ule msukumo unaorudi nyuma unasaidia nyuzi kukutana kwa upole. Dakika tano zinatosha kuanza, na baada ya shoo fanya tena kidogo kushusha sauti, maana wengi hupasha moto halafu hawapoozi, wanatoka jukwaani moja kwa moja kwenda kupiga stori kwa kupaza sauti sehemu zenye muziki mkubwa, nadhani kelele hizo za baada ya kazi zimewaharibu wengi.

Jambo lingine lililonisumbua sana ni kubadilisha ukubwa. Jukwaani hata ukivaa maiki ndogo ya kwenye paji la uso bado mwili wote unatuma hadithi kwa mtu wa kiti cha mwisho. Studio wewe uko sikioni kwa msikilizaji. Siku zangu za kwanza fundi mitambo alikuwa anashusha sauti yangu mpaka chini na bado nasikika kama natangaza mkutano, mpaka mama mmoja mwongozaji akaniambia, mwanangu, ongea na mtu mmoja aliyekaa karibu na wewe. Nikachagua mtu wa kweli kichwani na kila mstari nikampa yeye. Simama, usikae, pumzi inakaa vizuri. Kaa umbali wa kama shubiri moja kutoka kwenye maiki na uigeuze kidogo pembeni ya mdomo ili P na B zisipige puu. Usivae koti linalochakacha wala bangili. Tufaa la kijani linapunguza zile tik tik za mate, nimelijaribu mimi mwenyewe mara nyingi.

Usaili wa jukwaani mara nyingi wanakupa baa 16 tu, yaani vipimo 16 vya mapigo ya wimbo, kama nusu dakika, kwa hiyo usianze mbali, chagua kipande ambacho mtu anabadilika ndani yake, ameingia anaogopa anatoka ameamua. Karatasi za muziki ziwe kwenye faili, uanzie wapi na uishie wapi pawe pamewekwa alama, na mpiga kinanda mwimbie kwa sauti ya chini mstari mmoja aipate kasi yako, usimpigie vidole, huyo ndo mtu pekee mle ndani aliye upande wako kabisa.

Mikataba someni jamani. Marni Nixon, mwimbaji wa Marekani, aliimba badala ya waigizaji Deborah Kerr kwenye filamu ya mwaka 1956, Natalie Wood ya 1961 na Audrey Hepburn ya 1964, sauti yake ikajaa kumbi za sinema na jina lake halikuandikwa kwenye filamu zile. Leonard Bernstein, mtunzi wa muziki wa ile filamu ya 1961, ndo alimkatia sehemu ya mirabaha yake mwenyewe. Siku hizi kuna zaidi ya jina, angalieni kama kuna kifungu kinachoruhusu rekodi zenu kufundishia mashine iige sauti yenu, suala la akili bandia ndo liliwafanya waigizaji wa michezo ya video Marekani wagome tena Julai 2024. Mimi nikikuta kifungu hicho naomba kiondolewe, wakikataa naiacha kazi, na nimeshaacha mbili nilizokuwa nazihitaji.

Halafu muheshimuni mwigizaji wa akiba. Broadway ya New York na West End ya London, kwenye kumbi kubwa za maigizo, kawaida ni shoo 8 kwa wiki, mwili hauwezi kuwa mzima siku zote, na yule anayekaa pembeni amebeba nafasi nyingi kichwani, hatua za kila mtu, noti za kila mtu, na mara nyingi anaambiwa saa moja kabla. Yule aliyeshika nafasi yangu zile wiki tatu nilikuwa namwonea wivu hadi nilipopona. Siku niliyorudi alinikuta chumba cha kuvalia akanipa karatasi mbili alizoandika kwa mkono, kila kilichobadilika nilipokuwa sipo, ngazi imesogezwa, wimbo wa nne umeshushwa nusu noti, mlango wa kushoto unakwama usiusukume kwa bega. Akaenda kukaa kwenye kiti chake pembeni, na wimbo wa pili ulipofika nikamwona kwa jicho la pembeni anavuta pumzi pamoja na mimi.