Mafuta ya nazi nilikuwa nayapaka kimakosa miaka yote hiyo

Mimi mtoto wa Mbagala, mafuta ya nazi nimeyajua kabla sijajua losheni, ila kuyatumia vizuri nimekuja kujua ukubwani. Nilikata nywele zenye dawa nikaanza upya, basi kila asubuhi natoka kitandani nachota mafuta napaka kwenye nywele kavu hivyohivyo, napanda daladala kichwa kinang'aa, ikifika saa saba mchana zishakuwa fagio la chelewa. Nikawa nalaumu mafuta.

Dada mmoja msusi pale Rangi Tatu ndo aliniumbua. Kazishika kaniuliza, "hizi umezipa maji lini shosti?" Nikamwambia naogopa zitasinyaa. Alicheka huyo! Akaniambia mafuta hayaleti maji, yanafungia maji yaliyopo, sasa kama ndani pakavu unafungia nini?

Siku hizi nanyunyizia maji kwanza, nagawa mafungu manne, nasugua mafuta kidogo viganjani halafu naanzia kwenye ncha. Na usiku wa kuamkia siku ya kuosha napaka mengi kidogo, hii ndo imenisaidia kuliko zote, maana mafuta ya nazi karibu nusu yake ni asidi ya lauriki (aina ya mafuta yenye chembe ndogo) na yanapenya mpaka ndani ya unywele, sio kama mengine yanakaa juu tu, kwahiyo ukija kuosha unywele haupotezi protini nyingi. Kwenye kitana naona tofauti kabisa.

Mwilini ni hivyohivyo, ukitoka kuoga usijikaushe sana, paka ngozi ikiwa bado na unyevu. Kipupwe cha Juni na Julai miguu yangu ulikuwa unaweza kuandika jina lako kwa kucha, sasa hivi hamna. Usoni lakini mimi sipaki, nilijaribu wiki mbili nikavuna chunusi kidevu kizima, yanaziba vinyweleo, so kama una ngozi ya mafuta achana nayo. Na jua la Dar hayazuii kivile, msidanganyane.

Ukinunua, weka kichupa kwenye friji. Ya kweli yanaganda yakawa meupe, maana chini ya nyuzi 24 hivi huwa yanaanza kushikana. Yasipoganda kabisa jua umeuziwa mafuta ya kupikia yenye marashi (yashanikuta).

Mimi natengeneza mwenyewe, nakuna nazi, nakamua tui zito, nalilaza kwenye friji, asubuhi natoa lile tabaka gumu la juu naliinjika moto mdogo. Litatokota weee, mwishoni linakatika, mafuta yanakaa juu na mashapo ya kahawia chini, hapo usiondoke hata kujibu simu maana yakiungua chupa nzima itanuka moshi. Mashapo watoto wanayagombania na sukari.

Na ukilala nayo funga kilemba, foronya zangu mbili zina alama ya kichwa mpaka leo.