Usiandike "just short of 300" ikiwa vinavyokosekana ndivyo 300

Usiitume kwa wafadhili kama ilivyo barua yako ya kuomba vitabu uliyonionyesha. Umeeleza kwamba maktaba yenu ina vitabu 50, inahitaji 350, na kwa hiyo imepungukiwa na vitabu 300, kisha kwa Kiingereza ukaandika "Our library is just short of 300 books." Aliyezoea Kiingereza akiisoma sentensi hiyo ataelewa kwamba mnavyo tayari vitabu 290 na ushei, na kwamba mnachoombea ni vile vichache vilivyosalia.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Niliwahi kuandika barua ya maombi kwa niaba ya shule iliyohitaji madawati 240, nayo ilikuwa na 40 tu. Barua ilisema "We are just short of 200 desks", kwa sababu mwalimu aliyelipwa kuisahihisha alishikilia kwamba "short of" ni "pungufu" basi, na kwamba namba ikae popote, msomaji atajua mwenyewe. Msomaji hakujua. Alihesabu kwamba shule ina madawati yanayokaribia 200, akaleta 45 pamoja na pongezi, na wanafunzi wakaendelea kukaa sakafuni. Mpaka leo linaniudhi jambo hili: mtu analipwa kufundisha lugha, anampa mwenzake maana ya neno moja kutoka kwenye kamusi, halafu anaupuuza mpangilio wa maneno, ilhali maana yote imejificha humo.

Shika kanuni moja tu. Namba ya pengo hutangulia "short", na namba ya lengo hufuata "short of". Ukiandika "We are 300 books short", vinakosekana 300; ukiandika "We are just short of 350 books", mnavyo kama 345. Namba zote mbili zaweza kukaa pamoja, kila moja upande wake: "We are 20 books short of 350" maana yake mnavyo 330. Hilo "just" nalo hutangaza kwamba pengo ni dogo, kwa hiyo halina kazi yoyote katika barua ya mtu aliyepungukiwa na karibu kila kitu. "We are short of books", bila namba, ni Kiingereza safi, lakini mfadhili hatajua alete vingapi.

Angalia pia kiherufi "a", ambacho wengi hukidondosha. "A little short of perfect" hutia kasoro, ilhali "little short of perfect" husifu kwamba ukamilifu umekaribia kufikiwa. Umeuliza pia tofauti ya "few" na "a few"; nazo zina tabia hiyo hiyo: "few books" hulalamikia uchache, "a few books" husema vipo kiasi.

Sentensi yako iandike hivi: "We have 50 books and need 350, so we are 300 short."