Barua kwa mwanangu: kazi ya kulipwa ukiwa bado chuoni

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama ukubali ile nafasi ya bure redioni muhula mzima, au utafute kazi ya kulipwa huku ukisoma mawasiliano. Ya redio iache hadi wakati wa atachimenti, yale mafunzo ya kazini, ambapo chuo kitakuhesabia. Kwa sasa shika kazi inayopimika, na kwa mtu wa mwaka wa pili naona kunukuu mahojiano ndiko bora: mtafiti anakuletea sauti, unamrudishia maandishi. Nairobi watafiti wamejaa, wa vyuo na wa mashirika ya Westlands na Kilimani, na si rahisi kwao kumpata anayesikia Kiswahili, Sheng na lugha ya nyumbani kwa pamoja.

Bei ndiyo huwaponza wengi. Usitoze kwa ukurasa. Ukubwa wa herufi tu unavuruga hesabu. Toza kwa dakika ya sauti, na usitaje bei kabla hujasikiliza. Saa moja ya mahojiano ya watu wawili, chumba kimetulia, itakula saa nne hivi za kazi. Mjadala wa watu wanane uliorekodiwa mkahawani, vikombe vinagongana na kila mtu anamkatiza mwenzake, unaweza kula saa nane au zaidi. Nukuu dakika tano za mwanzo na tano za katikati (mwanzo hudanganya, watu bado wana adabu), tazama umetumia muda gani, kisha zidisha.

Kila msemaji mpe alama yake: M kwa mhoji, W1 na W2 kwa wanaohojiwa. Usiposikia, usibahatishe. Rudia mara tatu. Ikigoma, andika [haisikiki 14:32] uendelee. Sheng usiisafishe. Akisema "mbogi yangu" (kundi langu), iache ilivyo, na maana yake uiweke kwenye mabano. Na sauti hizo ni za watu, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: usizipakie kwenye programu ya bure mtandaoni bila idhini ya mwenye kazi, hata kama unakabidhi kesho asubuhi.

Malipo sasa. Mwanafunzi wa uzamili akupe nusu kwa M-Pesa kabla hujaanza, maana akishapata maandishi haraka yake imekwisha. Shirika halitoi arbuni kirahisi, na ankara inaweza kukaa siku 30 au zaidi, kwa hiyo nauli usiitegemee hapo. Kabla ya kuanza, pata barua pepe yenye bei, idadi ya dakika na tarehe. Watataka PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na wakikulipa Sh30,000 watakata kodi ya zuio ya 5%, upokee Sh28,500. Hujaibiwa, dai cheti chake cha iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Kosa la wanafunzi ni kujaza ritani ya sifuri, yaani kusema hawakupata kitu, kwa mazoea, ilhali KRA inakiona cheti hicho. Tangaza mapato yako kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Utaulizwa sampuli, na kazi ya mteja huruhusiwi kuionyesha. Chukua dakika kumi za mjadala wa Bunge uliosemwa kwa Kiswahili, unukuu, kisha ulinganishe na Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Hansard huhaririwa, kwa hiyo kigugumizi hutakikuta humo. Majina na tarakimu ndivyo vya kusahihishia. Nitumie nione kabla hujampa mtu.

Mamako