Watoto wameondoka, tumebaki wawili: je, kucheza na kutaniana katika umri huu kuna ubaya?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nina miaka 52, mume wangu 58. Tumejaaliwa watoto wanne, na wa mwisho aliolewa mwaka jana. Miezi ya mwanzo tulikuwa kama wageni ndani ya nyumba yetu, tunakula kimya, kila mtu na simu yake. Siku moja mume wangu akanificha miwani. Nikaitafuta kila chumba, kumbe kaivaa yeye, kakaa ananitazama. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tangu hapo tukawa tunataniana, jioni tunacheza ludo au drafti, anayeshindwa anaosha vyombo, na mara mojamoja tunakimbizana uani. Wifi yangu akatukuta, akasema tumerudia utoto. Mume wangu akauliza darsani. Ustadhi akamjibu mbele ya watu kwamba aliyevuka arubaini hana muda wa mchezo, ajiandalie kaburi. Akamsomea aya ya dunia kuwa ni mchezo na pumbao, na akasema habari ya kucheza na mke imekuja kwa wanaooa mabikira. Tangu siku hiyo hanitanii tena, na drafti kaiweka juu ya kabati. Je, tulikuwa tunapata dhambi?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Dada yangu, hamkupata dhambi kwa kucheka na kutaniana kwenu, ila ludo na dau la vyombo nitayasema mwishoni. Mlikuwa katika jambo ambalo Mtume (s.a.w.) alilitoa kwa jina lake katika orodha ya upuuzi. Katika Hadithi ya Uqba bin Amir amesema kwamba kila anachojipumbaza nacho Mwislamu ni batili isipokuwa kurusha mishale kwa upinde wake, kumfundisha farasi wake na kucheza na mkewe, kwani hayo ni katika haki. Ameipokea Tirmidhi na wengineo. Hakusema mke wa umri gani.

Ningeishia hapo, lakini hiyo drafti juu ya kabati imenikaa moyoni. Mtu mzima ametishwa na halali ya nyumbani kwake, tena hadharani, kwa jina la dini. Basi nitamjibu ustadhi hoja kwa hoja, na ninaomba mumeo asome.

Kuhusu mabikira, anakusudia Hadithi ya Jabir bin Abdillah iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama ameoa bikira au mwanamke aliyewahi kuolewa. Jabir akajibu kwamba ni aliyewahi kuolewa. Akamwambia: kwa nini usioe msichana ukacheza naye naye akacheza nawe? Ustadhi amekoma hapo, na Hadithi haikukoma hapo. Jabir alieleza udhuru wake. Baba yake aliuawa Uhud, akaacha mabinti wadogo, naye hakutaka kuwaletea msichana mwenzao, alitaka mtu mzima wa kuwachana nywele na kuwasimamia. Mtume akamkubalia. Sasa tazama kilichompunguzia Jabir mchezo: ni nyumba iliyojaa watoto wa kulea. Nyinyi huo mzigo mmeubeba miaka yote, na sasa umeshatuliwa. Hadithi anayoitumia kuwanyima ndiyo inayowapa. Udhuru wa Jabir kwenu haupo tena.

Na kama mchezo ni wa wasichana tu, atafanya nini na Bibi Sauda bint Zam'a (r.a.)? Huyu aliolewa na Mtume akiwa mjane, mwanamke mtu mzima. Bibi Aisha anasimulia, na imepokewa na Nasai katika Sunan al-Kubra, kwamba alimletea Mtume (s.a.w.) chakula alichompikia, akamwambia Sauda ale. Sauda akakataa. Akamwambia: utakula au nitakupaka usoni! Akakataa, basi Aisha akatia mkono katika chakula akampaka. Mtume akacheka. Kisha akamsaidia Sauda alipize, akamwambia naye ampake Aisha, akampaka, na Mtume akacheka tena. Mara ikasikika sauti ya Umar nje. Mtume akadhani ataingia, akawaambia wake zake: inukeni mkaoshe nyuso zenu. Sikuona katika Hadithi hii mahali Sauda alipoambiwa umri wake umepita. Huyuhuyu Sauda, kama alivyopokea Ibn Saad, japo sanad yake (mlolongo wa wapokezi) ina mkatiko, alimwambia Mtume asubuhi moja: jana usiku niliswali nyuma yako ukarefusha rukuu mpaka nikashika pua yangu nikihofia damu itadondoka. Akacheka. Hata kisimamo cha usiku kilizaa mzaha baina yao.

Tukija kwenye umri wa mwanamume, Mtume (s.a.w.) alihama Makka akiwa ameshavuka hamsini. Mashindano ya mbio na Bibi Aisha yaliyopokewa na Abu Dawud na Ahmad ni ya baada ya hapo. Safarini aliwaambia watu watangulie, kisha akamwambia mkewe: njoo tushindane. Aisha akamshinda. Muda ukapita, Aisha akaongezeka mwili, wakashindana tena, safari hii Mtume akashinda. Akacheka, akamwambia: hii kwa ile. Yaani alikuwa amelikumbuka lile la kwanza muda wote huo! Mwanamume wa zaidi ya miaka hamsini, kiongozi wa umma, ana deni la mbio na mkewe na analilipa. Ustadhi amwambie nani kwamba baada ya arubaini hakuna mchezo?

Hiyo arubaini nayo naijua inakotoka. Ni aya ya 15 ya Suratul Ahqaf, na watu wanaipenda kuitumia kama fimbo. Lakini isome. Anapofika miaka arubaini mja anaomba nini? Anaomba awezeshwe kushukuru neema aliyoneemeshwa yeye na wazazi wake, atende mema yanayomridhisha Mola wake, na atengenezewe dhuria wake. Umri huo katika aya ni umri wa kushukuru. Na ni neema gani iliyo karibu nawe kuliko mtu mliyelala naye chumba kimoja tangu ujana, ambaye Mwenyezi Mungu amesema kuhusu mfano wake kwamba ameweka baina yenu mapenzi na huruma? Kukaa naye kimya na simu mkononi ndiyo shukrani?

Aya ya Suratul Hadid aliyoisoma, ya 20, imetaja mchezo na pumbao, ndiyo, na ikaendelea kutaja kujifaharisha na kushindana kwa wingi wa mali na watoto. Mbona sijasikia darsa la kuwakataza watu wa miaka hamsini wasijenge nyumba ya pili? Wala hawaambiwi waache kutajataja vyeo vya watoto wao kwenye kila harusi. Limeshikwa neno moja, nalo likaangukia mume anayecheka na mkewe.

Na kaburi? Tujiandae nalo sote, vijana kwa wazee. Handhala (r.a.), mwandishi wa Mtume, alilia akidhani amekuwa mnafiki kwa sababu akiwa na Mtume anakuwa kama anaiona Pepo na Moto, na akirudi kwa mke na watoto anasahau mengi. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba lau mngedumu katika hali ile malaika wangewapa mikono vitandani mwenu na njiani mwenu, lakini ewe Handhala, saa na saa, yaani saa ya hili na saa ya lile. Alilisema mara tatu. Iko katika Muslim.

Sasa niseme na mumeo, kwa heshima yake. Kaka yangu, nadhani kilichokuumiza zaidi ni neno la haiba. Mtu wa miaka 58, pengine una wakwe na wajukuu, ukaambiwa una utoto. Zayd bin Thabit (r.a.) ndiye aliyeandika wahyi na akapewa kazi ya kuukusanya Msahafu. Amesifiwa katika al-Adab al-Mufrad ya Imam Bukhari kwamba alikuwa miongoni mwa watu wenye mzaha zaidi awapo na familia yake, na miongoni mwa wenye haiba zaidi akaapo na watu. Haiba ni ya barazani, kaka. Ukiivaa mpaka chumbani, mkeo anakuwa mmoja wa watu wa barazani. Na Mtume aliyecheka ndani ndiye aliyesema nyuso zioshwe Umar alipokaribia. Basi wifi akibisha hodi, tulieni. Akiondoka, mambo yenu.

Nitasema na jingine kwa sababu ninaliona sana kwa wanaokuja kusuluhishwa. Watoto wakishaondoka, wengi wanagundua kwamba kwa miaka ishirini au thelathini mazungumzo yao yalikuwa ada ya shule, homa ya mtoto na nani anamchukua nani. Yakiisha hayo hakuna neno. Mke anahamia kwenye simu za mabinti zake kila jioni, mume anahamia nje. Baadhi ya wanaume hapo huanza kutafuta mke mwingine, nami siharamishi alilohalalisha Mwenyezi Mungu, lakini namuuliza mtu: kicheko unachokwenda kukitafuta huko, hapa ulikizuia kwa hoja gani? Nyinyi mlikipata bila kufundishwa na mtu, kwa miwani tu. Wenzenu wanaomba dua wapate hicho.

Dada yangu, usimsubiri aanze yeye, maana aliaibishwa mbele ya watu na mwanamume aliyeaibishwa hurudi polepole. Mchokoze wewe. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (s.a.w.) alimwombea rehema mume anayeamka usiku akaswali na kumwamsha mkewe, akikataa akamnyunyizia maji usoni, na akamwombea rehema mke anayemfanyia mumewe vivyo hivyo. Anzia hapo: wiki hii mwamshe kwa maji kidogo, mswali rakaa mbili. Atakayekuja kuwaambia mnacheza badala ya kuswali atakosa la kusema.

Yamebaki madogo. Miwani: kuna makatazo ya kuchukua kitu cha mwenzio kwa mzaha na ya kumtisha Mwislamu, na shabaha yake ni mzaha unaomuudhi au kumfadhaisha mtu. Wewe ulicheka. Siku utakapokuwa na haraka nayo, asifiche. Kukimbizana uani hakuna neno madhali mmesitirika, na mtazame magoti yenu. Vyombo: msifanye kuosha kuwa dau la mchezo, mjiepushe na kila kinachofanana na kamari. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, basi mumeo aoshe hata siku aliyoshinda.

Drafti chezeni, ni mchezo wa kufikiri, ila isiwapitishe wakati wa Swala. Ludo ndiyo siwaruhusu. Inaendeshwa kwa dadu, na Mtume (s.a.w.) ameukemea vikali mchezo wa nardi, mchezo wa dadu wa zama zile, akamfananisha anayeucheza na aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe, kama ilivyo katika Muslim. Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameingiza humo michezo inayotegemea dadu hata bila pesa. Hiyo iwekeni mbali, hamtakosa ya kuchezea.

Wallahu a'lam.