Sola ya nyumbani Goma: piga hesabu kabla ya kununua

Sola ikifa hapa Goma, mara nyingi kilichokufa ni batri, na chanzo ni hesabu iliyorukwa siku ya kununua. Chukua nyumba ya kawaida. Taa 6 za LED za wati 5, kwa saa 5, zinakula wati-saa 150. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 inakula 160. Simu 4, kama 60. Jumla 370. Ongeza theluthi kwa ajili ya umeme unaopotea njiani, utafika 490 hivi. Msimu wa mvua usitegemee zaidi ya saa 3 za jua kali kwa siku, kwa hiyo gawanya kwa 3: wati 163. Nunua paneli ya wati 200. Aliyepimia jua la Julai, Novemba batri yake italala njaa.

Batri ya jeli (aina ya batri ya risasi) ya volti 12, Ah 100 (ampea-saa), inabeba wati-saa 1,200, lakini tumia nusu tu. Ya lithiamu ni ghali zaidi, ila inavumilia kutumiwa hadi asilimia 80.

Adui mkubwa ni inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa batri uwe kama wa gridi. Ikiungwa moja kwa moja kwenye batri, nyingi hukata umeme volti zikishuka karibu 10.5, na hapo batri ya jeli imeshaisha kabisa. Rudia hivyo kila usiku na itakufa mapema. Usingoje ikate: zima vyote, subiri nusu saa, pima volti za batri kwa multimeta. Ukiona 12.2, imebaki nusu. Zima televisheni, acha taa.

Waya wa mita 10 kutoka paneli hadi kidhibiti chaji uwe wa milimita 6 za mraba, wa 2.5 unapoteza karibu asilimia 7. Fyuzi ikae jirani na ncha chanya ya batri. Unga batri kwanza, paneli baadaye, ili kidhibiti kitambue kuwa ni mfumo wa volti 12. Kufungua, anza na paneli.

Juu ya mabati, inamisha paneli digrii 10 au 15 mvua iweze kuiosha. Majivu ya volkano ya Nyiragongo usiyafute makavu, yanakwaruza kioo. Mwaga maji asubuhi kioo kikiwa baridi. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana mvua yetu ina asidi ya volkano.

Mwaka 2021 Kongo iliahidi kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 21 ifikapo 2030. Kila lita ya petroli isiyoungua kwenye jenereta yako inaokoa kilo 2.3 hivi, na hilo si dogo. Lakini jiko ndiko kwenye kazi kubwa: makala, yaani makaa ya kupikia, yanakula msitu, na mfumo huu hauwezi kupika. Hotpleti ya wati 1,000 itamaliza nusu ya batri kwa nusu saa. Kama umeme wa maji kutoka kituo cha Matebe umefika kwenye avenyu yako, maharagwe yapikie huko, kwa sufuria ya presha ya umeme. Inahifadhi joto na haivuti umeme muda wote.