Mwaka Mzima Barabarani na Gari Lenye Umbo la Birika

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi na maisha

SWALI: Shikamoo Mwandishi. Mimi ni binti wa Uyole, Mbeya, na mwaka jana nilimaliza chuo katika masomo ya masoko. Kampuni moja ya majani ya chai imeniita kwa mkataba wa mwaka mmoja ili nizunguke nchi na gari lao la matangazo, lililojengwa mfano wa birika kubwa, nikiwa na dereva pamoja na kijana wa vyombo vya muziki. Nimesoma kwamba Marekani lipo gari lenye umbo la soseji ambalo vijana waliotoka vyuoni hugombania nafasi ya kuliendesha, na picha zao zote ni za furaha. Baba hataki kabisa. Anasema binti anayelala gesti tofauti kila siku hujiharibia jina. Mama anasema niende nikaione nchi. Naomba unieleze maisha yenyewe yakoje, na nini nikiulize kabla sijatia saini.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi hiyo naifahamu kwa sababu niliifanya kabla ya kuingia katika uandishi, kati ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songea, kwa hiyo nitakueleza bila kukuficha. Ushauri wangu ni kwamba uikubali, mradi mapumziko yako na malazi yako yawe yameandikwa ndani ya mkataba na si ahadi ya mdomo.

Gari la soseji ulilolisoma ni la kampuni ya Oscar Mayer, na la kwanza lilitengenezwa mwaka 1936 huko Chicago kwa wazo la Carl Mayer, mtoto wa ndugu yake mwenye kampuni. Magari ya sasa yana urefu wa mita 8 hivi. Vijana wanaoyaendesha huajiriwa kwa mwaka mmoja, hufundishwa kwanza kwa wiki mbili katika mji wa Madison, kisha hutumwa wawili wawili kwa kila gari, na mwaka ukiisha huja wengine. Angalia vizuri mpango huo, kwa maana ndiyo sehemu yenye faida kwako kuliko picha: kazi ina mwanzo na mwisho unaojulikana, ina mafunzo kabla ya safari, na hakuna anayeachwa peke yake na gari. Waulize waajiri wako kuhusu mambo hayo matatu kabla hata ya kuuliza mshahara.

Sasa maisha yenyewe. Jambo ambalo halielezwi kwenye usaili ni kwamba ukiwa na gari la namna hiyo huna mahali pa kujificha. Dereva wa lori la mahindi akisimama Igawa kunywa maji hakuna anayemtazama, lakini ninyi mkisimama hapo hapo mtazungukwa kabla mlango haujafunguka. Mtasimama Chimala mle wali, na kabla hujanawa mikono atakuja mama na mwanawe mgongoni akiomba mpigwe picha pamoja, kisha vijana wa bodaboda watataka fulana, kisha mzee mmoja atauliza kwa upole kama kampuni inaajiri walinzi. Wote hao wanastahili jibu la heshima, wala hawajali kwamba tangu alfajiri hujatia kitu tumboni. Watoto ndio wenye swali gumu kuliko wote. Mtoto hamjui mwenye kampuni wala hana haja naye. Atalizunguka birika, atatazama mdomo wake, atauliza kama ndani kuna chai. Mimi naamini, na hili nalisema kwa moyo wote, kwamba jibu lazima liwe ndiyo. Beba chupa kubwa za chai ya moto yenye sukari na vikombe safi vya kutosha. Mwezi Juni na Julai kule Makete na Njombe, ambako asubuhi majani huwa meupe kwa umande ulioganda, kikombe kimoja cha chai kinafanya kazi ambayo spika haziwezi.

Kumbuka pia kwamba Nyanda za Juu Kusini ndiko chai inakolimwa. Mkifika Mufindi au Rungwe, nusu ya watu walio mbele yako huenda wamechuma majani hayo kwa mikono yao, na wanaijua bei ya kilo moja ya majani mabichi kuliko unavyoijua wewe. Usiwahubirie ladha ya chai. Waulize habari za mashamba, wasikilize, na uyaandike kwenye ripoti ya jioni, kwa sababu ofisi nyingi za masoko zilizoko Dar es Salaam hazisikii sauti za watu hao mpaka mtu wa gari azipeleke.

Kuhusu baba yako, nakuomba usimbishie. Hofu yake ina msingi, na dawa yake ni utaratibu ulio wazi. Mkataba uonyeshe kwamba una chumba chako peke yako, katika gesti moja na wenzako, yenye uzio na mahali pa kulaza gari. Kwamba fedha za malazi hutolewa kabla ya safari ili usije ukaanza kutafuta chumba cha bei nafuu saa tatu usiku Makambako. Na kwamba mnafika mnakolala kabla jua halijazama. Uliza waziwazi kama kuna kazi za usiku kwenye baa, nani atakusindikiza kurudi, na kama una haki ya kukataa. Kampuni ikijibu kwa kigugumizi hapo, rudi nyumbani. Ikijibu vizuri, mpelekee baba ratiba ya kila mwezi na umkaribishe dereva nyumbani anywe chai na wazee. Mzazi aliyemwona dereva uso kwa uso hulala usingizi.

Sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada haziruhusiwi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki nne, nazo hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kila wiki unastahili mapumziko ya saa 24 mfululizo, na kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Kwenye ziara, saa hupotea kwa urahisi sana, kwa kuwa safari ya kutoka Songea hadi Mbeya msimamizi ataiita usafiri tu, ilhali wewe umekaa ndani ya gari tangu asubuhi umevaa sare ya kampuni na kila mnaposimama unagawa vipeperushi. Saa hizo ni kazi. Ziandike kila siku kwenye daftari lako mwenyewe, na mkubaliane mapema kwamba siku ya mapumziko birika linabaki limefunikwa turubai uani, nawe unavaa nguo zako na kwenda kanisani, msikitini au sokoni kama mtu mwingine yeyote. Bila siku hiyo, mwezi wa tatu hautakukuta ukiwa na tabasamu.

Hakikisha vilevile kwamba michango yako ya NSSF inapelekwa, kwani ajira za promosheni mara nyingi huitwa vibarua hata pale ambapo mtu amefanya mwaka mzima.

SWALI: Mimi ni dereva, naishi Mafinga. Nimezoea Fuso za mbao, lakini sasa naambiwa niendeshe gari la matangazo lililojengewa umbo refu la faiba juu ya chasisi. Mwenye gari anasema ni jepesi kuliko mbao, kwa hiyo halina shida. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi. Mbao hulikandamiza gari barabarani, ilhali faiba ni pana, tupu na nyepesi, hivyo upepo wa ubavuni huisukuma kwa nguvu ambayo mikono yako haijaizoea. Unajua mwenyewe upepo wa Makambako ulivyo. Punguza mwendo kabla ya kufika sehemu zilizo wazi, na lori kubwa linapokupita shika usukani imara, kwa sababu utahisi unasukumwa na kisha unavutwa.

Mteremko wa Kitonga ushuke kama unavyoushuka na Fuso iliyojaa: gia ndogo tangu juu, injini ikushikie gari, breki uziguse kwa vipindi ili zisipate moto. Usidanganywe na kwamba hujabeba mzigo, kwani jenereta, spika, maboksi ya zawadi na fremu ya chuma vikijumlishwa si vitu vidogo. Pima uzito kamili kabla ya safari, maana gari likifikia tani 3.5 linapaswa kuingia mizani, na Makambako au Uyole si mahali pa kugundua jambo hilo ukiwa na ratiba ya saa nne asubuhi.

Pima pia kimo chake, ukiandike kwa herufi kubwa ndani ya kioo mbele ya macho yako. Hatari kubwa ya magari haya haiko kwenye barabara kuu. Iko kwenye uchochoro wa kuingia gulioni, ambako nyaya za umeme zimelegea na watoto wanakimbilia pembeni mwa matairi. Mwenzako ashuke, atangulie kwa miguu, nawe usisogee mpaka akuonyeshe mkono. Mwisho, mwambie mwenye gari akuonyeshe kwamba umbo hilo limekaguliwa na kwamba bima inalifahamu gari kama lilivyo sasa, si kama lilivyokuwa kabla ya kujengewa. Akikataa, usiwashe injini.

SWALI: Nauza ndizi na maparachichi gulioni, wilaya ya Rungwe. Magari ya matangazo huja, husimama mbele ya meza yangu na kupiga muziki, na wateja wangu hawasikii bei. Nifanye nini?

JIBU: Mama, nenda kwa mwenyekiti wa soko mapema kabla ya siku ya gulio, mkiwa wafanyabiashara kadhaa, na ombeni magari hayo yapangiwe sehemu moja pembeni, karibu na maegesho. Timu yenye kibali hupita kwa uongozi wa soko kabla ya kuwasha spika, kwa hiyo mwenyekiti ana nafasi ya kuwapa sharti hilo. Gari likija kabla hajafanya hivyo, mwendee msichana au kijana mwenye kipaza sauti na umweleze. Mara nyingi hajui kwamba anakuzibia, na anaweza kusogea mita 20 bila kupoteza mtazamaji hata mmoja. Mwombe pia atangaze kwamba ndizi za Tukuyu zinapatikana nyuma yake, na umtajie bei ya mkungu.