Maswali Yenu: Elektivu ya Tiba ya Utengamao

Barua kadhaa za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi wa udaktari wanaotaka kufanya elektivu, yale mafunzo ya hiari katika hospitali isiyo ya chuo chako. Wanaitaka katika tiba ya utengamao, fani ya kumrudishia uwezo mtu aliyepata kiharusi, aliyeumia uti wa mgongo au aliyekatwa kiungo.

Swali: Niko mwaka wa 5 hapa Nairobi na nataka kwenda Marekani kwa wiki 4 mwakani. Wenzangu wananiambia nianze na viza. Nianzie wapi? (Msomaji, Ngara)

Anza na chanjo, maana ndizo zinazokwamisha wengi. Hospitali za Marekani kwa kawaida hutaka matokeo ya damu yanayoonyesha kwamba una kinga ya homa ya ini aina ya B. Kadi ya kliniki peke yake haitoshi. Kwa ratiba ya kawaida, dozi ni 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu mwezi wa 6. Damu hupimwa mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho, na kiwango cha kinga kifike 10 mIU/mL au zaidi. Hapo miezi 8 inaweza kuwa imekwisha. Ikiwa ulichanjwa utotoni, pima sasa. Kiwango hushuka kadiri miaka inavyopita, na huenda ukahitaji dozi ya nyongeza kisha upimwe tena.

Kuna mtego mwingine ambao wanafunzi wa Kenya huugundua wakiwa wamechelewa. Chanjo za watoto za serikali hapa kwetu zimekuwa za surua, na baadaye surua na rubella. Matumbwitumbwi hayamo, ilhali fomu za Marekani huyataka yote matatu. Tafuta chanjo ya MMR katika kliniki ya kibinafsi, dozi 2 zinazopishana siku 28 au zaidi, na uulizie ya tetekuwanga palepale.

Kisha kifua kikuu. BCG, chanjo ya kifua kikuu uliyodungwa ukiwa mchanga, inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe hata kama huna maambukizi, ukaanza kuandamwa na eksirei na barua za maelezo. Omba kipimo cha damu cha IGRA. Kifanye siku ileile unayodungwa MMR au usubiri wiki 4 baadaye, kwa sababu MMR ni chanjo hai, yenye virusi vilivyodhoofishwa, na inaweza kuficha majibu.

Chanjo zikiwa njiani, nenda kwa mkuu wa kitivo ukaulize kama chuo chenu kimo katika VSLO, mtandao wa kuombea elektivu unaoendeshwa na AAMC, muungano wa vyuo vya udaktari vya Marekani. Kama kimo, utaombea humo. Kama hakimo, iandikie moja kwa moja ofisi ya wanafunzi wageni ya kila chuo unachokitaka. Baadhi hupokea maombi ya nje ya mtandao, baadhi hukataa. Tayarisha nakala ya alama, barua ya mkuu wa kitivo, bima ya makosa ya kitabibu, kadi ya mafunzo ya kuokoa maisha, na cheti cha tabia njema cha DCI, kinachoombwa kupitia eCitizen.

Viza huja mwisho, ukiwa na barua ya kukubaliwa mkononi. Elektivu isiyo na malipo katika hospitali ya chuo cha udaktari huingia chini ya viza ya B-1. Ukifika ubalozi wa Marekani, Gigiri, kwa mahojiano, sema wazi unakwenda kufanya elektivu. Ukijieleza kama mtalii ilhali barua yako inasema wodi, umejiharibia mwenyewe.

Swali: Naogopa kuaibika wodini. Nijue nini kabla ya siku ya kwanza? (Mwanafunzi wa kike, Kahawa)

Dada, jifunze kupima mgonjwa wa uti wa mgongo mpaka mikono ikuzoee. Kuna pointi 28 za ngozi kila upande, kuanzia nyuma ya kichwa hadi kando ya njia ya haja kubwa. Kila moja hupimwa kwa pamba na kwa pini, na hupewa 0, 1 au 2 ukilinganisha na shavu la mgonjwa. Kila pointi ina jina la neva yake ya uti wa mgongo, C kwa shingo na T kwa kifua: kitovu ni T10, chuchu ni T4. Misuli hupimwa mgonjwa akiwa amelala chali, 0 hadi 5: C5 hukunja kiwiko, C6 huinua kifundo cha mkono, C7 hunyoosha kiwiko.

Kwenye C7 ndipo wengi hudanganyika. Mgonjwa asiye na nguvu hapo huzungusha bega kwenda nje, mkono ukaanguka na kunyooka kwa uzito wake. Shikilia bega, na uguse nyuma ya mkono wa juu uhisi kama msuli unakaza.

Kosa kubwa zaidi ni kuruka kipimo cha njia ya haja kubwa kwa aibu. Bila kujua kama mgonjwa anahisi pale, na kama anaweza kubana kidole chako, huwezi kusema jeraha ni kamili au si kamili, na familia itapewa matumaini yasiyo sahihi. Mweleze mgonjwa, funga pazia, omba ruhusa, fanya.

Jambo moja la dharura: mwenye jeraha la T6 au juu yake akilalamika ghafla kichwa kinampasua, huku uso ukitoka jasho na shinikizo la damu likipanda, mkalishe wima, legeza nguo, kisha angalia mpira wa mkojo kama umejikunja au kuziba. Ukiwa sawa, fikiria choo kilichokwama. Na uite msaada mara moja.

Swali: Nimeshahitimu. Bado naweza kuomba? (Daktari, Rongai)

Elektivu ni ya mwanafunzi. Ukishahitimu, mara nyingi hupokelewa kama mtazamaji tu, bila kumgusa mgonjwa. Anayelenga kusomea fani hii Marekani, ambako ni miaka 4, afanye elektivu kabla ya kuhitimu; barua ya daktari aliyekuona ukifanya kazi ina uzito zaidi.

Swali: Sina fedha za kwenda ng'ambo. Nimekosa? (Msomaji, Kayole)

Hapana, na kwa maoni yetu hata mwenye fedha aanze hapa. Iandikie Hospitali ya Kitaifa ya Majeruhi wa Uti wa Mgongo, Kenyatta, au CURE ya Kijabe kwa watoto. Madaktari bingwa wa fani hii ni wachache nchini, kwa hiyo omba kupangwa pia na wataalamu wa fiziotherapia, tiba ya kazi na viungo bandia.

Omba siku chache pia kwenye karakana ya viti vya magurudumu ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, Westlands. Jifunze kupima kina cha kiti: kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa sentimita 3 hadi 6. Kikiwa kirefu mno, mgonjwa huteleza mbele akakalia mfupa wa chini ya mgongo, na kidonda huanzia hapo. Akishakaa, ingiza vidole kati ya mto na mfupa wa kukalia. Visipoweza kusogea, mto huo haumfai. Halafu muulize anakoishi: ghorofa ya ngapi, mlango wa choo una upana gani, na kama kiti hicho kitapita.